Unga wa Stanislas

Mfuko ulikuwa pale pale ulipotuliwa juzi, kwenye kona kati ya mlango na kitanda cha Tshiamala, mdomo umeshonwa kwa uzi wa buluu. Mbele ulikuwa na picha ya hindi, na chini ya hindi maandishi makubwa ya Banki ya Chakula. Hakuna aliyekuwa ameufungua. Kila alipopita, Mushiya alikusanya kikwembe chake kisiuguse.

Mama mkwe wake, Mama Elise, alikuwa ameketi nje ya mlango akipepea mbabula. Makaa yalikuwa yamekwisha kuwaka vizuri, mekundu, na juu yake hapakuwa na kitu.

“Bunga iko,” alisema Mama Elise. “Makala iko. Maji iko. Mi nauliza tu, bibi ya mutoto wangu, tunangojea nini? Tunangojea Yesu arudie?”

“Natafuta majani ya sombe kwanza, mamu.”

“Sombe! Jana batoto balilala na sombe?”

Jana watoto walilala na viazi vitamu vya kuomba kwa jirani, na juzi walilala na maji ya chumvi. Princesse, bintiye mkubwa, alikuwa amekaa juu ya ndoo akiutazama ule mfuko kama watu wanavyotazama televisheni kwenye duka la kinyozi. Merdi, mdogo wake, alikuwa amejilaza kwenye mkeka tangu kulipokucha, na hiyo haikuwa desturi yake.

“Na kingine,” alisema Mama Elise, na kipepeo kikasimama mkononi. “Tangu ile siku ulitoka ku banki, haugusake sufuria. Kuchota maji, ni paka Princesse peke yake. Kumupatia bwana yako dawa, paka Princesse. Mi niko muzee, lakini macho yangu inaona.”

“Kichwa inaniuma, mamu.”

“Kichwa,” alirudia Mama Elise, akaanza tena kupepea makaa yasiyo na kazi.

Mushiya aliogopa. Kutoka kitandani mumewe, Tshiamala, alikuwa anamtazama. Tshiamala hakuwa mtu wa maneno tangu ukuta wa shimo ulipomwangukia kwenye nyonga wakati wa mvua. Babu yake aliletwa Kolwezi kwa treni kutoka Kasai, akachimba shaba kwa mshahara na kupewa hii nyumba ya kampuni hapa Dilala. Mjukuu alichimba kobalti bila mshahara, na katika nyumba ya babu alibaki na chumba kimoja cha nyuma. Mwenzake Mulumba, waliyekuwa wakivuta naye kamba moja, alibaki chini ya udongo. Watu walisema Tshiamala ana bahati.

Kilichotokea ni hiki, na afadhali kisemwe wazi kuliko kuzungushwa.

Banki ya Chakula ilikuwa hangari la zamani karibu na reli, limepakwa chokaa likapendeza. Mahindi yalitoka kwa wakulima wa upande wa mji wa Kasaji, maharagwe na mafuta yalilipiwa na matajiri wa madini ili wasisemwe vibaya huko mbali. Na kweli chakula kile kiliokoa watu. Nani atabisha? Mvua iliyopita, mashimo yalipofungwa, kuna watoto wa Dilala walioishi kwa unga ule na si kwa kitu kingine. Parokia iligawa jeton kwa nyumba za wagonjwa na wajane, na mwenye jeton alipata mfuko kila mwezi. Ila chakula chote kile, hata kingetolewa na watu wema wangapi, kilipita kwenye mlango mmoja, na ufunguo wa mlango huo ulikuwa mfukoni mwa Stanislas.

“Jeton yako haitembee tena, mama,” Stanislas alimwambia Mushiya siku hiyo ya juzi, bila kuitazama. “Balibadilisha. Kuya ku biro, tuone namna ya kufanya.”

Biro ilikuwa chumba kidogo nyuma ya marundo ya mifuko. Mushiya alisimama karibu na mlango.

“Shefu, bwana yangu eko analala paka kitandani. Batoto...”

“Mi nayua. Njo maana niko nakusaidia. Mi nakusaidia, na weye unanisaidia. Haina vile?”

Alifunga mlango. Huko nje akina mama waliokuwa foleni walikuwa wakifundishwa wimbo wa shukrani, kwa sababu wageni walikuwa njiani. Mushiya aliusikia wimbo ule wote, beti zote na kiitikio. Mlango ulipofunguliwa, foleni nzima ilikuwa inatazama ardhi. Hakuna aliyemwuliza kitu. Mfuko aliotwishwa ulikuwa mkubwa kuliko wa wengine, na mkononi alishikishwa chupa ya mafuta ambayo hakuiomba.

Njia nzima hakulia. Alikuwa anaiwaza tshibawu, mwiko wa kwao.

Mtoto wa kike wa Kiluba hajui bado kufunga kitambaa kichwani na tayari anaijua tshibawu. Mke aliyeguswa na mwanamume mwingine, hata akipokea kwake kipande cha sabuni tu, akinyamaza, akakipika au akakitumia nyumbani kwa mumewe, nyumba inaanguka. Haimwangukii yeye. Inawaangukia watoto, au inamwangukia mume. Tshibawu haiulizi kama ulitaka au ulilazimishwa, na wazee nao hawaulizi. Njia ni moja tu, kusema. Useme mbele ya wanawake wa ukoo wa mume, utaje jina la yule mtu, wakuoshe, kuku achinjwe. Shangazi yake Mukuna alinyamaza. Mushiya alikuwa msichana mdogo alipoona jeneza la pili la mtoto likitoka katika nyumba ya Mukuna, na wanawake waliokuwa kwenye kilio hawakumpa hata mkono. Na kusema nako kulikuwa na bei yake. Jina likishatajwa, ukoo unakwenda kumdai aliyetajwa. Wakienda kumdai Stanislas, nani atawapa unga tena?

Kwa hiyo mfuko ulikaa kwenye kona, na watoto walikaa na njaa mbele yake.

Aliondoka akaenda kwa jirani, Mama Darlène, aliyekuwa anaanika mihogo uani. Mama Darlène hakuwa mtu wa Kasai. Watu wake walikuwa hapa Lualaba kabla ya treni.

“Mama Darlène, tubadilishane. Kamata bunga yangu yote, weye unipatie hii mihogo.”

“Mufuko muzima juu ya mihogo?” Mama Darlène aliangua kicheko, kisha akamtazama usoni na kicheko kikaisha. “Alikupeleka ku biro.”

Mushiya alitazama mihogo.

“Sikia,” alisema Mama Darlène kwa sauti ya chini. “Binti yangu naye aliingia mu ile biro. Alirudia na mufuko, tukapika, tukakula. Hakuna mutu alikufa. Beye batu ba Kasai muko na ile mambo yenu. Shiye hapa, kintu inauaka ni njala.”

“Na nikibadilisha, mihogo itakuwa ya nani? Si itakuwa paka imetoka ku mukono yake?”

“Aa, mama! Basi kwenda umurudishie bunga yake!”

Alisema hivyo kwa hasira, kama unavyomwambia mtu akajitupe mtoni. Lakini Mushiya alisimama. Kumrudishia. Kama Stanislas angeupokea mfuko kwa mkono wake mwenyewe, uzi haujakatwa, hakuna aliyeonja, basi kitu kingekuwa kimerudi kilikotoka. Hakuwahi kusikia mtu aliyefanya hivyo, na kwa kweli hakuna mzee angemkubalia kuwa inatosha. Ila mtu anayezama hachagui kamba.

Alirudi nyumbani mbio. Princesse aliruka kutoka kwenye kona alipomwona, akasimama na mikono nyuma. Mushiya hakuwa na muda wa kumtazama mtoto. Alijitwisha mfuko.

“Unapeleka wapi?” Mama Elise alipiga kelele. “Mushiya! Unapeleka wapi chakula ya batoto?”

Alikwisha kufika barabarani. Malori ya madini yalikuwa yakipita moja nyuma ya jingine, vumbi likimwingia mdomoni, na kijana mmoja wa pikipiki alimpigia honi akamfokea, “Mama, utakufa na hiyo bunga yako!” Mushiya alitembea ukingoni, shingo imekaza, akiomba kitu kimoja tu, kwamba amkute Stanislas peke yake.

Hakumkuta peke yake. Wageni walikuwa wamefika. Magari meupe yalisimama mbele ya hangari, akina mama walikuwa wamepangwa mstari wakiimba ule wimbo, na Stanislas, shati limepigwa pasi, alikuwa anazunguka kama bwana harusi. Alipomwona Mushiya na mfuko kichwani alimjia haraka, anatabasamu kwa ajili ya wale waliokuwa nyuma yake.

“Kuko nini?”

“Shefu, mi nakuya kurudisha.” Aliutua mfuko. “Sikufungua. Angalia uzi. Kamata, shefu. Mi nakuomba, kamata na mukono yako.”

“Kurudisha? Ulishaona wapi mutu wa njala anarudisha chakula?” Kisha akaelewa, maana naye alikuwa mtoto wa Kasai, na kicheko kikamtoka puani. “Ah. Tshibawu. Mama, hii ni nyakati gani? Mi nakulaka kwangu kila siku, bibi yangu anakula, batoto banaenda masomo. Tshibawu haikamatake mwanaume.”

“Kwangu itakamata mutoto, shefu.”

“Kamata mufuko yako uende.”

“Shefu, hata upokee tu, kisha uutupe. Mi sitasema kitu.”

Pale pale mama wa Kizungu mwenye kizibao chenye mifuko mingi alifika kati yao, akamshika Mushiya mkono kwa mikono yake miwili, akauliza jambo kwa Kifaransa. Macho yake yalikuwa mazuri, ya mtu anayetaka kujua kweli. Mpiga picha alikuwa nyuma yake.

“Madame anauliza kama bunga ni muzuri, kama inakusaidia,” alisema Stanislas.

“Mwambie mi narudisha,” alisema Mushiya. “Mwambie siitake. Mwambie aniachilie.”

Stanislas alimgeukia mgeni. “Elle dit merci, Madame. Elle dit que ses enfants mangent.”

Mushiya alisoma hadi darasa la sita. *Enfants* alilijua, *mangent* alilijua. Anasema asante, anasema watoto wanakula. Na neno *non*, hapana, alilijua pia, mtoto wa miaka miwili Kolwezi analijua. Lilimfika kwenye ulimi. Mgeni alikuwa bado anamtazama, anangoja, kana kwamba alihisi kitu kimepotea njiani.

“Ukifungua kinywa,” alisema Stanislas kwa Kiswahili, kwa upole ule ule, tabasamu halijahama, “banafunga banki. Jeton ya parokia yote inakufa. Angalia nyuma yako.”

Alitazama. Walikuwa mstari mrefu, na vikwembe vyao vya kanisani, mabeseni matupu miguuni. Mama Darlène alikuwa amekwisha kufika, amejipenyeza katikati. Walikuwa wanaimba, macho yote kwake, na katika macho yale hapakuwa na chuki wala huruma. Walikuwa wanamwomba anyamaze.

Alinyamaza.

“Foto,” alisema mpiga picha. “Mama, cheka kidogo.”

Stanislas aliinama, akaunyanyua mfuko kutoka chini, akamwekea mikononi, mkono wake mwingine begani kwake. Hivyo Mushiya akapokea mara ya pili, mchana, mbele ya watu wote. Mfuko ulipomkalia kifuani aliona kitu ambacho hakukiona alipokuwa ameubeba kichwani. Chini, kwenye pembe, palikuwa na tundu dogo la msumari, limezibwa kwa kipande cha plastiki kilichosokotwa vizuri. Unga ulikuwa umevuja kidogo kwenye vidole vya Stanislas.

“Unasema haukufungua,” alimnong'oneza, akijipangusa kwenye suruali. “Na hii?”

Panya hazibi tundu lake kwa plastiki. Mushiya alikumbuka Princesse akiruka kutoka kwenye kona, mikono nyuma. Alitaka kupiga ukunga. Kamera ililia, mgeni alisema *merci, maman*, na yeye akageuka na mfuko akaanza kwenda, kwanza kwa adabu, kisha akikimbia kama mwizi.

Nyumbani, Merdi alikuwa ametapika. Alikutwa kwenye mapaja ya Mama Elise, macho nusu wazi, na mwili wake ulikuwa wa moto hata kabla hujamgusa. Kando ya mbabula palikuwa na kikombe chenye utando wa uji.

“Mama, alikuwa analia,” alisema Princesse haraka. “Nilipasua chini, kidogo tu, halafu nilifunga. Nilimupikia yeye. Mi sikukula, mama, naapa. Mi nililamba tu kijiko.”

Mushiya alikaa chini pale pale mlangoni. Mtu mwingine angesema homa ilianza kabla ya uji, kwamba mtoto hakuinuka mkekani tangu asubuhi, kwamba mbu wa Dilala hawahitaji ruhusa ya tshibawu kumwua mtoto. Ni kweli. Lakini Mushiya hakuwa mtu mwingine. Aliona kikombe, aliona mtoto, na hakuona kitu kingine chochote duniani.

“Tumupeleke ku santre ya bagonjwa,” alisema. “Mamu, tumupeleke sasa.”

“Na nini? Bale banataka dhamana mbele ya kugusa mutoto. Tuko na nini ya kuweka? Mbabula?” Mama Elise hakumwondolea macho. Alimlaza Merdi mkekani polepole, akafunga mlango, akarudi. “Sasa sema.”

“Mamu...”

“Sema, Mushiya. Mi nilizaa, mi nilizika. Nilikuwa nangojea useme mwenyewe. Sema kabla mutoto hajaenda.”

Akasema. Alisema akitazama sakafu, maneno machache, biro, mlango, wimbo, na jina. Alipolitaja jina alihisi kitu kinalegea kifuani, kitu kama pumzi, kwa maana hii ndiyo ilikuwa njia na sasa alikuwa ameishika. Alimgeukia mumewe. Angempiga kama angeweza kuinuka. Angemtukana. Mushiya alikuwa tayari.

Tshiamala alikuwa anatazama bati.

“Tata Princesse,” alisema Mushiya. “Sema hata kitu.”

“Kama tunamudai,” alisema Tshiamala mwishoni, “mwezi unakuya tutakula nini?”

Akageukia ukuta, taratibu, kwa sababu ya nyonga, na mabega yake yakaanza kutikisika.

Mama Elise aliketi juu ya ndoo. Alionekana mzee ghafla. Aliutazama mfuko, akamtazama mjukuu, akautazama tena mfuko.

“Kesho asubuhi nitaita bamama ba ukoo,” alisema. “Batakuosha. Kuku, tutabadilisha na ile chupa ya mafuta. Lakini jina ya ule shefu haitatoka mu hii nyumba. Utasema Mulumba.”

“Mulumba alishakufa!”

“Njo muzuri. Maiti haidaiwe, haikasirike.”

“Mamu, eko na bibi yake kule Kasaji. Atasikia. Na...” Mushiya alimshika miguu. Sasa hofu yote aliyokuwa nayo kabla ilionekana kama mchezo. “Mamu, ni weye ulinifundisha. Mutu akidanganya mbele ya tshibawu, anafunga kaburi na mutoto ndani. Ni weye ulisema! Niache niseme jina ya kweli. Nitaenda hata mi mwenyewe kufanya kazi kwa batu, nitafua, nitavunja mawe. Niache niseme kweli!”

“Nyamaza, batu batasikia.” Mama Elise aliibandua mikono ya Mushiya miguuni. “Tshibawu ni ya bankambo, bale bazee balikufa zamani. Pengine bankambo batafahamu. Njala haifahamu.”

Asubuhi walikuja, wanawake wanne wa ukoo wa Tshiamala, na vitambaa vyeupe kichwani. Mkubwa wao alikuwa shangazi wa Tshiamala, Mama Kabemba, aliyefika na fimbo na hakukubali kiti. Merdi alikuwa amekesha akitetemeka, na sasa alikuwa ametulia kwa namna ambayo haikumpendeza mtu. Walimkalisha Mushiya uani, juu ya ardhi tupu, wakamvua kitambaa, wakamvua blauzi, wakammwagia maji ya baridi mabegani. Juu ya ukuta wa jirani vichwa vya watoto vilitokea. Mama Darlène alivifukuza, kisha na yeye akaingia ndani kwake akafunga dirisha.

“Mwanamuke, ni nani?” aliuliza Mama Kabemba.

Mushiya alimtafuta Mama Elise kwa macho. Alikuwa ameshika kuku kwa miguu, karibu na mlango, na nyuma yake mfuko ulionekana, hindi la njano na maandishi.

“Taja jina. Mutoto anangojea.”

Lilikuwapo, jina la kweli, kwenye ulimi, mahali pale pale lilipokuwa *non*. Nyuma ya Mama Elise alimwona Princesse, ameketi sakafuni, anaulamba mkono wake uliogusa mfuko.

“Mulumba,” alisema Mushiya.

Wanawake walivuta pumzi kwa pamoja. Mmoja alisikitika, “Ee, na alikuwa rafiki ya bwana yake!” Mwingine alitema mate. Kuku alichinjwa, Merdi akaletwa, akapakwa chokaa kwenye paji la uso, na chokaa ikakauka upesi kwa lile joto lake.

“Sasa uko safi,” alisema Mama Kabemba. “Pika. Umulishe na mukono yako, tuone.”

Ndivyo desturi ilivyo. Mama Elise alikata uzi wa buluu kwa kisu kile kile cha kuku, bila kuinua uso. Mushiya alisonga bukari. Mikono ilikumbuka kazi yenyewe, mwiko ulizunguka, mvuke ukapanda na harufu ikajaa uani, harufu nzuri, hakuna haja ya kudanganya, hata Tshiamala huko ndani walimsikia akijigeuza. Alikata tonge la kwanza, akalifinyanga, akalipuliza hadi likapoa. Alilipuliza hata baada ya kupoa.

“Mupe,” alisema Mama Kabemba.

Mushiya alimwinua mtoto kwa mkono wa kushoto. Kichwa kilimwangukia kwenye kiwiko, kizito, na chokaa ikampaka. Wanawake wote walikuwa wanatazama tonge. Mama Elise peke yake alikuwa anatazama mlango.

“Merdi,” alisema Mushiya, kwa sauti ndogo sana, akitumaini hatasikia. “Merdi.”

Mtoto alisikia sauti ya mama yake, akafungua kinywa.